Tuivunje lakiri: somo la runinga ya kwanza kwa shule za mpakani

Mtu akitaka kujua jinsi mali ya viwanda inavyotufikia sisi watu wa Afrika Mashariki, na asimame Malaba au Busia kwa muda wa saa moja. Malori hufuatana usiku na mchana kutoka bandari ya Mombasa, yakielekea Kampala, Kigali, Juba na Kongo ya mashariki. Yamebeba redio, runinga, simu, kompyuta na mashine za kila aina. Lakini mpita njia haoni hata kimoja kati ya vitu hivyo. Aonacho ni makontena yaliyofungwa kwa lakiri, na lakiri hiyo haivunjwi mpaka shehena ifike kwa mwenyewe.

Hiyo ndiyo picha ya namna tunavyofundisha sayansi na ufundi katika shule zetu nyingi. Vifaa hupita mbele ya macho ya wanafunzi vikiwa vimefungwa. Mwanafunzi hujifunza jina la kifaa, jina la mvumbuzi na mwaka wa uvumbuzi. Akishayakariri, huyaandika katika mtihani na kuyasahau. Kilichomo ndani hakijui. Chukua mfano wa runinga. Ni nadra leo kumpata mwanafunzi wa Busia ambaye hajaitazama, iwe nyumbani, hotelini au kwa jirani. Hata hivyo ni wachache mno wawezao kueleza jinsi sura ya mtu aliyeketi Nairobi inavyosafiri hewani na kutokeza kwenye kioo. Na tuseme kweli, miongoni mwetu walimu pia wapo wengi wasioweza.

Makala haya yanatetea jambo moja. Mlango ulio rahisi kuliko yote wa kuingilia katika fumbo hilo ni runinga ya kwanza kabisa, ile iliyoendeshwa kwa sahani yenye matundu. Tena mlango huo waweza kufunguliwa kwa Kiswahili, katika shule isiyo na maabara, kwa gharama ndogo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Jicho la binadamu huipokea picha yote kwa mpigo mmoja: paji la uso, pua na kidevu huonekana pamoja. Waya wa umeme, kwa upande wake, hauwezi kubeba mambo mengi namna hiyo kwa wakati mmoja. Katika kila chembe ya wakati hubeba kiasi kimoja tu cha umeme, kikubwa au kidogo. Wimbi la redio lililotumiwa na wavumbuzi wa awali lilikuwa vivyo hivyo. Basi, kitu kilicho kizima na kipana kitapitaje katika njia iliyo nyembamba?

Sisi tunaofundisha isimu tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Fikira humjia mtu ikiwa nzima, lakini kinywa hakiwezi kuitoa ikiwa nzima. Hakuna awezaye kutamka sauti zote za sentensi kwa pamoja. Hana budi kuzipanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu, katika mstari wa wakati. Na msikilizaji naye huzipokea kwa zamu na kuijenga upya fikira ile akilini mwake. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, aliihesabu sifa hii ya kufuatana kuwa mojawapo ya kanuni mbili za msingi za alama ya lugha. Kumbe basi mwanadamu alikwisha litatua tatizo la runinga tangu alipoanza kusema.

Mkazi wa Malaba ataelewa upesi zaidi. Tuseme kiwanda kizima kinahamishwa kutoka Mombasa kwenda Kampala. Hakitapita mpakani kikiwa kimesimama. Kitafunguliwa vipande vipande, kila kipande kitapakiwa katika lori lake, malori yatapita langoni moja baada ya jingine, na mwisho wa safari vipande vitaunganishwa tena. Mambo matatu yanahitajika hapo. Kwanza, vipande vikatwe kwa utaratibu unaojulikana. Pili, vipite kwa zamu bila kuchanganyika. Tatu, wapokeaji wafuate utaratibu ule ule na mwendo ule ule wa watumaji. Mwanafunzi akiyashika hayo matatu, ameishika runinga.

Aliyebuni njia ya kuikata picha kwa utaratibu alikuwa mwanafunzi. Januari 1884, Paul Nipkow, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisoma Berlin, aliomba hataza ya chombo chake. Kiini cha chombo hicho kilikuwa sahani nyembamba yenye matundu. Karibu na ukingo wa sahani palikuwa na tundu moja dogo. Ukizunguka ukingo kidogo, palikuwa na tundu la pili, lakini hili lilisogea ndani kuelekea kitovu kwa kiasi cha upana wa tundu moja. La tatu lilisogea ndani zaidi, na kuendelea hivyo, mpaka matundu yote yakaunda mstari uliojikunja kama gamba la konokono.

Sahani hiyo izungushwe sasa mbele ya picha yenye mwanga. Tundu la kwanza hupita juu ya picha na kuufuata mstari mmoja tu. Linapotoka upande wa pili, tundu la pili huingia na kuufuata mstari ulio chini ya ule wa kwanza. Kisha la tatu, kisha la nne. Sahani ikitimiza mzunguko mmoja, picha yote imesomwa, mstari baada ya mstari, kama msomaji anavyousoma ukurasa wa kitabu.

Nyuma ya sahani huwekwa kitu chenye kuhisi mwanga. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alikuwa ametangaza kwamba elementi ya seleniamu hupitisha umeme kwa wingi zaidi inapoangazwa. Kwa hiyo mahali penye mwanga pakipita mbele ya tundu, mkondo wa umeme huongezeka. Penye giza pakipita, hupungua. Picha imegeuzwa kuwa mlolongo wa viwango vya umeme, navyo vyaweza kusafiri kwa waya au kwa wimbi. Upande wa kupokea huwa na taa inayong'aa na kufifia kwa kufuata mkondo huo, na mbele yake sahani nyingine yenye matundu yale yale, ikizunguka kwa mwendo ule ule. Jicho la mtazamaji halisahau upesi kile lilichokiona. Kabla mstari wa kwanza haujafutika machoni, wa mwisho umekwisha chorwa, naye huona picha nzima.

Nipkow hakufaidika na wazo lake. Seleniamu ilikuwa nzito kuitikia mabadiliko ya mwanga, na wakati huo hapakuwa na kifaa cha kukuza mkondo dhaifu wa umeme. Wazo lilikaa takriban miaka 40 likingoja vifaa vya kulitimiza. Hilo peke yake ni somo kwa mwanafunzi anayedhani kwamba wazo lisilofanya kazi leo ni wazo bovu.

Aliyelitimiza mbele ya mashahidi ni John Logie Baird, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1888. Mwaka 1923, akiwa mgonjwa na mwenye fedha kidogo, alihamia mji wa Hastings katika pwani ya kusini ya Uingereza, na huko akaanza kuunda mtambo wake. Vifaa vyake vimekuwa hadithi mashuhuri: kasha la chai, kasha la kofia, sindano za kushonea soksi, lenzi za taa za baiskeli, gundi, na lakiri. Naam, lakiri! Ile ile inayotumika kufungia mizigo watu wasiione, yeye aliitumia kuunganishia vipande vya mtambo ulio wazi, ambao kila sehemu yake iliweza kuonekana na kuguswa.

Tarehe 2 Oktoba 1925, London, Baird alifanikiwa kuona katika kioo chake kichwa cha mwanasesere chenye mwanga na vivuli vyake. Alikimbia ghorofa ya chini akamleta kijana mtumishi wa ofisi, William Taynton, akamketisha mbele ya mtambo. Kijana huyo akawa mtu wa kwanza ambaye Baird aliionyesha sura yake kwa runinga. Tarehe 26 Januari 1926 aliwaonyesha wanachama wa Royal Institution kazi hiyo katika chumba chake cha mtaa wa Frith, Soho. Katika mwaka huo huo wa 1926, amri ya serikali ya Uingereza iliueleza upya mpaka wa Kenya na Uganda, na reli iliyokuwa ikijengwa kupitia Malaba ilikuwa bado haijafika Kampala. Ilifika mwaka 1931.

Baird hakuwa peke yake. Marekani alikuwako Charles Francis Jenkins, naye akitumia vifaa vinavyozunguka. Japani alikuwako mwalimu, Kenjiro Takayanagi, ambaye Desemba 1926 alitumia sahani ya Nipkow kutuma, na bomba la mionzi ya kathodi kupokea. Picha aliyoichagua haikuwa uso wa mtu. Ilikuwa herufi moja ya Kijapani, ile inayosomwa "i", ambayo huanza orodha ya herufi katika mpangilio wao wa kale. Mwalimu alipotaka kujaribu chombo kipya, alianza pale ambapo kila mwalimu huanza.

Februari 1928 Baird alituma picha kutoka London hadi jimbo la New York. Septemba 1929 shirika la BBC lilianza kumrushia matangazo yake ya majaribio, yenye picha za mistari 30, na picha 12 na nusu kwa kila sekunde. Mwanafunzi na apige hesabu: sahani ilizunguka mara 750 kwa dakika. Mwanzoni palikuwa na mtambo mmoja tu wa kurushia, kwa hiyo sauti na picha zilipokezana zamu: mtu alionekana bila kusikika, kisha akasikika bila kuonekana. Ni mwezi Machi 1930 ndipo mitambo miwili ilipotumika pamoja, na sauti ikakutana na sura.

Hapa, msomaji, naomba nafasi ya kusema neno kuhusu maneno. Jina "televisheni" lilianza kutumiwa na Mrusi Constantin Perskyi katika mkutano wa Paris mwaka 1900. Aliunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya mbali na neno la Kilatini lenye maana ya kuona. Jina hilo halitaji sauti. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mwanazuoni wa Lamu, alipotafuta jina la Kiswahili, hakutafsiri. Alichukua "rununu", yaani uvumi au sauti isikikayo kutoka mbali, akaliunganisha na "maninga", neno la kale la macho, akapata "runinga". Yaani sauti ya mbali pamoja na macho. Likipimwa kwa historia niliyoieleza, jina hilo linakitaja kifaa kwa ukamilifu zaidi kuliko lile la Paris, kwa maana linataja vyote viwili vilivyokutanishwa mwaka 1930. Wapo wanaolicheka neno runinga kwa kudai kwamba ni la kubuni. Wangejua kwamba na televisheni ni la kubuni vilevile, labda wangepunguza kicheko.

Turudi kwa sahani. Ilishindwa kwa nini? Jibu ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la nane aliiweza. Nafasi kati ya tundu na tundu lazima itoshe upana wa picha. Tukitaka picha ya upana wa sentimita 5 na mistari 30, mzingo wa sahani utakuwa sentimita 150, na kipenyo chake karibu sentimita 48. Chombo hicho chaweza kukaa mezani. Lakini picha ya mistari 30 haionyeshi zaidi ya uso mmoja. Tukitaka mistari 240 kwa upana ule ule, mzingo utakuwa sentimita 1,200, na kipenyo kitakaribia mita 4. Sahani hiyo ni pana kuliko lori lolote lipitalo Malaba. Matundu nayo yatakuwa madogo sana, na mwanga utakaopenya utakuwa hafifu mno. Kila hatua ya kuongeza ubora wa picha iliongeza uzito wa mtambo na kupunguza mwanga wake.

Mwezi Novemba 1936 BBC ilipofungua huduma yake katika jumba la Alexandra Palace, London, mfumo wa Baird wa mistari 240 ulishindanishwa na mfumo wa kielektroni wa mistari 405 wa kampuni ya Marconi-EMI. Mifumo hiyo ilipeana zamu wiki kwa wiki. Kwa baadhi ya picha, upande wa Baird ulilazimika kupiga filamu kwanza, kuisafisha katika dawa kwa muda wa kama dakika moja, kisha kuipitisha mbele ya mtambo wa kusoma mistari. Na kamera yenyewe haikuweza kuondoka kando ya matangi ya dawa. Kamera za wapinzani wake hazikuwa na kitu kinachozunguka. Elektroni, ambazo karibu hazina uzito, zilifanya kazi ya sahani. Mapema mwaka 1937 mfumo wa Baird uliachwa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1946.

Je, tuseme basi kwamba sahani ilikuwa upotevu wa wakati? La hasha. Kilichoshindwa ni bati lenye matundu. Kanuni haikushindwa. Kukata picha kwa mistari, kuituma mistari kwa zamu, na kuwafanya mtumaji na mpokeaji waende kwa wakati mmoja, hayo yote yalirithiwa na runinga ya kielektroni. Hata kioo chembamba cha leo bado hujazwa safu baada ya safu. Na mwaka 1969, chombo cha Apollo 10 kilipokwenda mwezini, kamera yake ya picha za rangi ilikuwa na gurudumu la vichujio vya rangi lililozunguka nyuma ya lenzi. Njia iliyoachwa mwaka 1937 ilionekana tena mahali ambapo uzito na udogo wa kamera vilihesabiwa sana.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kenya ilianza kurusha matangazo ya runinga mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa picha za rangi, na Tanzania Bara mwaka 1994. Wote tulipokea chombo cha kielektroni kilichokamilika, miaka 25 au zaidi baada ya sahani kuachwa. Kwa maneno mengine, tuliingia katika hadithi hii kwenye sura ya tatu. Sura ya kwanza na ya pili, ambamo mambo yalikuwa wazi na kueleweka kwa mikono, hatukuzipitia. Ndiyo maana kifaa hiki kilionekana kwetu kama muujiza, na muujiza hauna maelezo.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2015, mitambo ya analogia ilipozimwa nchini Kenya. Wenye runinga za zamani walilazimika kununua ving'amuzi. Ni wangapi walioelezwa king'amuzi king'amua nini? Watu walilipa, wakachomeka nyaya, wakabonyeza vitufe. Walimu wa nchi nzima walikuwa wamepewa somo la bure sebuleni mwa kila mtu, nalo likapita bila kufundishwa.

Sasa tuone linavyoweza kufundishwa. Busia ina baiskeli nyingi, na historia ya baiskeli zake inajulikana. Huku mpakani ndiko walikoanzia vijana waliowabeba wasafiri kwa baiskeli katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya ukaguzi, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, mpaka likawa "bodaboda". Mwalimu na achukue baiskeli moja, aigeuze isimame juu ya kiti na usukani. Akate katoni ngumu iwe duara la kipenyo cha sentimita 60, na atoboe matundu 16 ya upana wa milimita 4. La kwanza liwe sentimita 28 kutoka katikati, na kila linalofuata lisogee ndani kwa milimita 4. Ayagawe kwa usawa kuizunguka duara. Kisha aifunge katoni hiyo kwenye spoki za gurudumu la nyuma.

Mbele ya sehemu ya juu ya gurudumu aweke karatasi ngumu yenye dirisha dogo, upana wake sentimita 8 na urefu wake kama sentimita 6, ili tundu moja tu lionekane kwa wakati mmoja. Nyuma ya gurudumu aweke karatasi nyeupe yenye herufi moja kubwa nyeusi, iliyoangazwa na jua. Mwanafunzi mmoja azungushe pedali kwa mkono, mwingine atazame dirishani. Mwendo ukiwa wa polepole, ataona nukta ikipita, kisha nyingine chini yake. Ukikazwa, nukta zitakuwa mistari, na mistari itakuwa herufi. Itatetemeka na kufifia, lakini itasomeka. Naye atakuwa ameona kwa macho yake kwamba herufi nzima imepita katika tundu lisilozidi punje ya mchele.

Akitaka kwenda mbele zaidi, na amwalike fundi wa redio kutoka sokoni. Kipande cha sola kutoka taa iliyoharibika, kikiunganishwa na kikuza sauti na kuwekwa nyuma ya sahani inayozunguka mbele ya tochi, kitatoa mvumo katika spika. Mwanga uliokatwa na matundu utasikika kabla haujaonekana. Fundi huyo huenda hana cheti, lakini amefungua redio nyingi kuliko mhitimu yeyote wa chuo kikuu chetu. Kumwacha nje ya lango la shule ni ubadhirifu wa elimu.

Na jambo la tatu, lile la mwendo mmoja, watoto wa mpakani hawahitaji kuelezwa kwa muda mrefu. Mwaka 2020, wakati wa upimaji wa korona, pande mbili za mpaka zilipokuwa na taratibu tofauti za kuwapima madereva, foleni ya malori ya Malaba ilienea kilomita nyingi. Malori hayakupungua nguvu, na barabara haikuwa imekatika. Kilichokosekana ni mwafaka wa utaratibu kati ya mtumaji na mpokeaji. Kwa runinga ya Baird pia, sahani ya mpokeaji ikichelewa kidogo tu, sura ya mtu iliteleza kando na kukatika katikati. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, vilikusudiwa kuondoa kusimama mara mbili. Mwalimu mwerevu ataweza kufundisha fizikia na uraia kwa mfano mmoja.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema kwamba watoto wanahitaji kompyuta, si vitu vilivyokufa mwaka 1937. Namwuliza: ni kompyuta gani itakayofunguliwa darasani, na mwanafunzi ataona nini ndani yake zaidi ya vijiwe vyeusi visivyo na mlango? Chombo kipya hutumika vizuri lakini hufundisha kidogo, kwa kuwa kimejificha. Chombo cha zamani huonyesha viungo vyake. Kujua cha zamani hakumzuii mtu kutumia kipya, humwezesha kukihoji.

Wa pili atasema kwamba sayansi haifundishiki kwa Kiswahili. Huyu namwomba asome tena aya za juu. Tundu, sahani, mstari, mwanga, mkondo, mzingo, kipenyo: ni lipi kati ya hayo ambalo mtoto wa Busia halielewi, au hawezi kulielewa kwa dakika moja? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Istilahi zipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia, na mazoea hayaletwi na mkutano wa wataalamu. Huletwa na mwalimu mbele ya darasa.

Kwa shule za mpakani, hoja hii ina uzito wa pekee. Mpaka umewagawa Wateso na Wasamia pande mbili, na masoko ya Busia na Malaba hukusanya watu wa lugha nyingi. Kiswahili ndicho daraja lao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza lake la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa lugha hiyo tutaiachia kazi ya kuuzia nyanya na kukatia tiketi, na kuinyima kazi ya kueleza ulimwengu.

Ninayoyaomba si makubwa. Kwanza, wakuzaji wa mitaala wa KICD waweke katika vitabu vya Kiswahili vya shule za sekondari ya chini vifungu vya ufahamu vinavyoeleza utendaji wa vitu: sahani ya Nipkow, pampu ya kisima, dira, hadubini. Wanafunzi wetu wamesoma vifungu vya kutosha kuhusu faida za elimu na madhara ya dawa za kulevya. Pili, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Sayansi Jumuishi washirikiane kwa kipindi kimoja tu kwa muhula, mmoja alete kifaa na mwingine alete maneno. Tatu, walimu wa pande mbili za mpaka wabadilishane masomo hayo. Mkate mmoja wa katoni na baiskeli moja havihitaji kibali cha forodha.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Nipkow alikuwa mwanafunzi. Baird alianza na vitu vilivyotupwa. Takayanagi alianza na herufi. Hakuna hata mmoja wao aliyengoja maabara kamili. Mkiikuta runinga mbovu au redio iliyokufa, kwanza hakikisheni imechomolewa kwenye umeme, na runinga ya zamani yenye bomba la kioo msiifungue bila fundi, kwa maana huhifadhi umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa. Kisha mwulizeni fundi: hiki ni nini, hufanya nini, kikiondolewa itakuwaje?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Waliongeza kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini mtoto hawezi kuulizia kitu ambacho hajapata kukiona kikiwa wazi. Kazi ya mwalimu ni kukifungua kwanza, maswali yatafuata yenyewe.